Tangi, Mtungi na Jua: Kulinda Plastiki Zinazokaa Nje

Uwe jikoni unakoroga uji, uwe dukani unangoja mteja wa kwanza, uwe ndani ya matatu unaelekea kazini, naomba unipe sikio kwa dakika chache.

Wiki iliyopita tulizungumza juu ya kuharisha kwa watoto. Baada ya kipindi tulipata ujumbe mfupi wa simu kutoka kwa mama mmoja wa sehemu za Mariakani. Aliandika hivi: "Dada muuguzi, tangi letu la maji limekaa nje miaka minane. Siku hizi nikiliegemea linaniachia unga mweupe kwenye nguo kama chaki ya shule. Maji yake tuendelee kunywa ama tulitupe? Na pesa ya tangi jipya sina."

Nilipousoma ujumbe huo nilimwambia mtangazaji kwamba leo mada tuliyopanga ingoje. Mama huyu ameuliza jambo ambalo sisi wauguzi tunalipita kila siku tunapotembelea nyumba. Tunauliza: Mna choo? Mnachemsha maji? Mtoto amemaliza chanjo? Hatuulizi chombo cha maji kinakaa wapi saa saba mchana.

Basi tuanze na hilo jua lenyewe. Jua lina mwanga tunaouona, lina joto tunalolihisi, na tena lina miali ambayo hatuioni wala hatuihisi. Wataalamu huiita miali ya urujuanimno. Hiyo ndiyo inayobabua ngozi ya ndugu zetu wenye ualbino, na ndiyo inayopausha kanga yako ukiisahau kwenye kamba siku nyingi. Plastiki nayo haisalimiki.

Fikiria mkeka. Mkeka una nguvu kwa sababu miyaa yake ni mirefu na imeshikana. Sasa mtu aje na mkasi, awe anakata mwaa mmoja hapa, mmoja pale, kidogo kidogo kila siku. Kwa mbali mkeka utaonekana mzima. Siku utakapoukalia ndipo utakapojua. Plastiki imeundwa kwa minyororo mirefu sana ya chembe ndogo ndogo zisizoonekana kwa macho, na miali ya jua ndiyo huo mkasi. Ikishakata, hewa ya oksijeni huingia pale palipokatwa na kuendeleza uharibifu. Rangi hupauka, juu hutoka unga, kisha huja nyufa nyembamba kama nywele, na mwishowe mtungi uliokuwa unapinda ukibanwa sasa unapasuka kama kigae.

Hapa Kenya mstari wa ikweta umepita katikati ya nchi, kwa hivyo jua hutupiga karibu wima mwaka mzima. Makali yake huwa kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana. Na usidanganywe na baridi. Watu wa Limuru na Kinangop huniambia, "Sisi kwetu hakuna jua." Jua liko, tena kali, kwa maana kadiri unavyopanda juu ndivyo hewa ya kuchuja miali hiyo inavyopungua. Kila unapopanda mita 1,000, miali huongezeka kama asilimia 10. Mawingu mepesi nayo hupitisha sehemu kubwa. Sisi wa pwani tuna yetu pia, kwani mchanga mweupe na mabati mapya hurudisha miali kama kioo, ikapiga chombo kutoka ubavuni hata kama kina kikofia juu.

Wenye viwanda wanalijua hili. Ukiona bomba la maji la plastiki nyeusi limelala juu ya ardhi, weusi ule si urembo. Ni masizi maalum yaliyochanganywa ndani ya plastiki, kiasi cha asilimia 2 hivi, ili yameze miali kabla haijaingia ndani. Matangi meusi ni vivyo hivyo, na matangi ya rangi nyingine huwekewa dawa ya kuzuia jua wakati wa kutengenezwa. Lakini dawa hiyo huisha polepole. Na vyombo vingi tunavyoviacha nje havikutengenezwa kwa kazi hiyo kamwe. Mtungi wa manjano wa lita 20 uliokuja na mafuta ya kupikia ulitengenezwa ubebe mafuta kutoka kiwandani hadi dukani. Sisi tumeufanya uishi miaka mitano mgongoni mwa punda.

Sasa mama wa Mariakani, tukujibu.

Usilitupe tangi lako bado. Unga mweupe maana yake ni kwamba ngozi ya juu ya plastiki imekufa. Upande wa ndani, ikiwa tangi ni jeusi na kifuniko kimefungwa, jua halijafika kwa nguvu kama hiyo. Unga ulio nje hauharibu maji yaliyo ndani. Chukua kitambaa kibichi, futa sehemu ya ukubwa wa sahani, kisha tazama kwa karibu. Kama chini ya unga ni laini, hakuna nyufa, na ukisukuma ubavu kwa kiganja unarudi wenyewe, tangi bado lina kazi. Kama unaona mistari myembamba iliyotawanyika kama buibui, au ukisukuma unasikia sauti ya kukwaruza, hapo anza kupanga pesa.

Tazama hasa sehemu za juu. Jua letu linatoka utosini, kwa hivyo bega la tangi na kifuniko huchakaa kabla ya ubavu. Halafu tazama pale bomba linapoingia, kwa maana pale plastiki inavutwa kila wakati. Tangi likiwa karibu kuwa tupu, funga kifuniko vizuri wakati wa mchana, kisha ukifungue kidogo tu, ukitie kichwa kwenye tundu na kujifunika kitambaa mwanga usiingie. Ukiona vitone vya mwanga ukutani, huo ni ufa uliopenya. Tafadhali ni kichwa tu. Usiingie ndani ya tangi ukiwa peke yako, na usimwingize mtoto ati kwa sababu yeye ni mwembamba.

Najua wengine mna hofu ya plastiki yenyewe kuingia mwilini. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2019 juu ya vipande vidogo sana vya plastiki katika maji ya kunywa, likasema kwamba kwa viwango vilivyoonekana wakati ule hakukuwa na ushahidi wa kutosha wa madhara kwa afya, na kwamba utafiti uendelee. Mimi nikiwa muuguzi, kile kinachoninyima usingizi si unga ule. Ni ufa na kifuniko. Ufa hushika uchafu ambao brashi haiufikii. Kifuniko kikipasuka, vumbi linaingia, kinyesi cha mjusi na cha ndege kinaingia, mbu wanaingia, na mtoto anatumbukiza kikombe alichokuwa akichezea mchangani. Watoto walioletwa kwangu wameishiwa maji mwilini waliletwa na uchafu wa namna hiyo.

Tukiwa hapo kwa mbu, ngoja nitie neno. Mbu wa chikungunya na dengue hupenda maji safi yaliyotulia karibu na nyumba. Waliokuwa Mombasa mwisho wa mwaka 2017 na mwanzo wa 2018 wanakumbuka chikungunya, watu wazima wanatembea wameinama kama wazee wa miaka tisini. Tena mwaka 2022 kulipatikana kule Marsabit mbu wa malaria asiye wa kwetu, anayeitwa Anopheles stephensi, ambaye huzaliana ndani ya matangi na vyombo vya maji mijini. Kwa hivyo kifuniko kilichopasuka kwa jua si jambo dogo. Kama huwezi kununua kingine, funga kitambaa safi au wavu wa dirisha juu ya tundu kwa kamba ya mpira, kisha weka bati juu yake na jiwe. Kitambaa kikichanika, kibadilishe siku hiyo hiyo.

Dawa kubwa ya jua ni kivuli, na kivuli hakihitaji mkopo. Simamisha nguzo nne, weka paa la makuti au nyasi, na uliache lipite ukingo wa tangi kwa hatua moja kila upande. Acha nafasi ya mkono kati ya paa na kifuniko ili hewa ipite na mtu aweze kufungua. Ukitumia mabati, usiyalaze juu ya plastiki yenyewe, maana yakipata moto yataipika. Upande wa magharibi ongeza kiambaza cha makuti kwa sababu ya jua la alasiri. Wengine hupandisha mpasheni au mboga wa kutambaa kwenye fito pembeni, na hiyo ni nzuri, una kivuli na una tunda, mradi majani yasianguke kwenye gata na kuziba.

Gunia? Ndiyo, lakini liwe la katani. Gunia la nailoni ndilo watu wengi wanalo, lile jeupe la mbolea na unga. Hilo lenyewe ni plastiki, tena ya aina inayoshindwa na jua haraka. Baada ya miezi michache linamomonyoka nyuzi nyuzi, na upepo unazipeleka pale pale ulipokuwa unapalinda. Turubai la kawaida la buluu nalo ni hivyo hivyo, litasaidia msimu mmoja na baada ya hapo ni taka.

Kivuli kina faida nyingine tunayoisahau. Maji yaliyopata joto huwapa vijidudu nafasi ya kuzaana, na dawa ya klorini uliyotia huisha upesi. Na ikiwa chombo chako kinapitisha mwanga, kama ile mitungi myeupe, utaona ute wa kijani ubavuni. Watu husema ni sumu ya plastiki. Si sumu, ni mimea midogo sana iliyopata mwanga. Lakini inaharibu ladha, na vijidudu hujificha ndani yake. Osha kwa sabuni na kokoto safi ukitikisa, suuza, kisha uweke mtungi ndani ya nyumba.

Nataka kuwasimulia jambo moja. Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi katika zahanati moja ya mashambani, siitaji jina. Tulikuwa na tangi la lita 5,000, jeusi, zuri, limejengewa hata paa. Kila mtu alijisifu kwa lile tangi. Lakini kutoka kwenye tangi hadi ukutani kulikuwa na kipande cha bomba la PVC la kijivu, urefu wa mkono tu, nje ya kivuli. Kilikuwa kimepauka hadi kuwa cheupe. Mimi mwenyewe nilikiona kila asubuhi nikienda kunawa. Jioni moja ya mwezi wa pili, kiangazi kimeshika, mtoto aliyekuja na mamake kliniki alikipanda kwa mguu akichungulia dirishani. Hakikuvunjika wakati ule. Kilitoa ufa, na usiku kikaachia. Asubuhi tangi lilikuwa tupu na uwanja wote tope.

Siku hiyo hiyo saa nne aliletwa mama wa uchungu. Mtoto alizaliwa salama, lakini baada ya hapo mama alitokwa na damu nyingi, nasi tulikuwa na lita 20 za maji, mtungi mmoja, kwa mikono yetu wote, kwa mama, kwa vyombo na kwa sakafu. Shemeji yake alitoka mbio na baiskeli kuchota bwawani. Tulimpa dawa ya kuzuia damu, tukamkanda tumbo, damu ikasimama, gari likafika. Mama yule yuko hai na mtoto wake anasoma. Lakini mimi sijasahau kuosha mikono yangu kwa vikombe viwili vya maji, nikihesabu. Bomba lile lingefunikwa kwa tope na jiwe, au kupakwa rangi ya shilingi chache, lisingekatika.

Kwa hivyo sikiliza kuhusu mabomba. Bomba la PVC, lile la kijivu au la rangi ya machungwa, likikaa juani hupauka na kupoteza uwezo wa kustahimili kugongwa. Hilo unaweza kulipaka rangi. Tumia rangi ya maji, ile ya ukutani, nyeupe au ya rangi hafifu. Sugua bomba kwanza kwa sabuni likauke. Usitumie rangi ya mafuta, maana vimiminika vyake vinaweza kuidhuru plastiki hiyo. Afadhali zaidi ni kulifukia, na pale linapotokeza juu, lijengee kwa saruji au ulivike kipande cha bomba la chuma. Tangi na mitungi ni habari nyingine. Plastiki yake ni ya aina inayoteleza, rangi haishiki, hubanduka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Usipoteze pesa yako kupaka tangi rangi. Jenga kivuli.

Kama hujui ni plastiki gani, geuza chombo utazame chini. Mara nyingi kuna alama ya pembetatu na namba ndani yake. Namba 1 ni chupa za soda na maji. Namba 2 ni mitungi mingi ya mafuta. Namba 3 ni PVC. Namba 5 ni ya viti vingi, beseni nyingi na magunia ya nailoni, na hiyo ndiyo dhaifu zaidi mbele ya jua isipowekewa dawa.

Na mtungi uliowahi kubeba dawa ya kuua wadudu au ya ng'ombe, hata ukiwa mgumu kama chuma, hata ukiuosha mara kumi, haubebi maji ya kunywa. Hapo hakuna mjadala.

Tangi likitoboka, mwite fundi wa kuchomelea plastiki. Anayechomelea kwa kipande cha plastiki ya aina ile ile hufanya kazi nzuri, ila plastiki iliyozunguka ufa iwe bado hai. Ikiwa imekauka na kutoa unga, ufa utafungwa hapa na wiki ijayo utafunguka kando yake, nawe umelipa mara mbili. Ile mbinu ya kusugua kipande cha sabuni kwenye ufa huzuia maji kwa siku chache, na mimi mwenyewe nimeitumia. Itumie kwa nje, ukingojea fundi. Tangi likifika mwisho kabisa, lile lenye nyufa begani lakini zima chini, bado linaweza kushika maji ya mifugo na ya kufulia. Liandike kwa rangi kubwa kwamba si la kunywa, na wafundishe watoto.

Mwaka 2020, wakati wa Covid, kila mlango wa duka, wa kanisa na wa msikiti ulikuwa na ndoo au mtungi wa kunawia mikono wenye koki. Magonjwa ya kuharisha nayo yalijua hilo. Viko wapi vyombo vile leo? Nimetembea masoko kadhaa nikitazama. Vingi bado vimesimama pale pale, vimepauka, koki imevunjika, ndani kuna buibui. Watu hawakukataa kunawa. Koki ya plastiki ilikatikia mkononi mwa mtu mmoja, hakuna aliyeibadilisha, mambo yakaishia hapo. Koki ndiyo hufa kwanza kwa sababu ni nyembamba na inazungushwa kila saa. Kipindupindu kilipotangazwa tena mwezi wa kumi mwaka 2022, kikaendelea mwaka 2023, vyombo vile tungevihitaji. Kama wewe ni mwenyekiti wa soko au mwalimu mkuu, sogeza chombo cha kunawia chini ya kivuli, nunua koki ya shaba kama unaweza, na kama huwezi weka koki mbili za plastiki akiba ndani ya dawati.

Dawa yenyewe ya kutibu maji, ya maji maji au ya vidonge, usiiweke dirishani. Jua na joto huipunguza nguvu, ukabaki unatia maji ndani ya maji. Kabatini, mbali na jiko na mbali na watoto.

Nimesema plastiki, na wengi mnafikiria vyombo tu. Chandarua chako pia ni plastiki, nyuzi zake ni polista au polithini, na ndani yake kuna dawa. Nimeona vyandarua vipya vimetandazwa juu ya ua wa michongoma saa saba mchana, ati harufu itoke. Jua hula dawa ile. Chandarua kipya kiwekwe kivulini penye hewa siku moja kabla ya kukitumia. Ukikifua, na kisifuliwe zaidi ya mara moja kwa miezi mitatu, tumia sabuni ya kipande na maji baridi, usitie dawa ya madoa, kisha ukianike kivulini.

Viti nitavipitia haraka, ingawa kimoja kilinitia huzuni. Babu mmoja katika kijiji nilichokuwa nikikihudumia alipewa kiti cha plastiki kwenye matanga, kwa heshima, mbele kabisa. Kiti kilikuwa kimekaa nje miaka. Mguu wa nyuma ukaachia. Alivunjika nyonga, na hakutembea tena bila ya kushikwa. Tazama miguu ya kiti na pale mguu unapoungana na kikalio. Ukiona nyufa au unga, kiti hicho si cha mzee wala mama mjamzito. Ile desturi yetu ya kupachika viti viwili kimoja juu ya kingine ili vipate nguvu inasaidia kidogo ikiwa vyote viwili ni vizima. Vikiwa vyote vimeoza kwa jua, ni matumaini tu. Baada ya shughuli, viti viingie barazani au chini ya mti.

Na vikivunjika, usiviwashie jiko. Najua kipande cha mtungi hushika moto upesi kuliko karatasi. Moshi wake unaingia kifuani mwako na mwa mtoto aliye mgongoni, na ule wa bomba la PVC ni mbaya kupita yote kwa sababu una gesi inayochoma koo na mapafu. Siku hizi kuna wanaonunua plastiki chakavu kwa kilo karibu kila soko. Kusanya kwenye gunia, uza.

Kabla hatujaondoka, mtangazaji amenipa ujumbe mwingine ulioingia sasa hivi. Bwana mmoja anauliza: "Muuguzi, mbona mnatuchanganya? Zamani mlitufundisha tuweke chupa za maji juani ili vijidudu vife. Leo mnasema plastiki isione jua."

Swali zuri, bwana. Yote mawili ni kweli. Miali ile ile inayokata plastiki hukata pia uhai wa vijidudu. Mbinu hiyo ilijaribiwa hapa hapa Kenya miongoni mwa watoto wa Kimaasai, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kwamba waliokunywa maji yaliyoanikwa waliharisha kidogo kuliko wenzao. Lakini pale chupa ni kifaa cha kazi, inatoka juani ikimaliza. Tumia chupa inayong'aa, isiyo na rangi, namba 1, isiyozidi lita 2. Jaza maji yasiyo na tope. Weka chupa iliyojaa, ikiwa imesimama, juu ya gazeti, kisha chungulia kutoka juu kupitia mdomoni. Kama huwezi kusoma kichwa cha habari kilicho chini yake, maji yachujwe kwanza. Ilaze juani, juu ya bati ni bora, saa sita kamili, tuseme tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa mchana. Siku ya mawingu mazito iache siku mbili mfululizo. Mvua ikinyesha siku nzima, chemsha. Kisha uirudishe ndani na unywe kutoka chupa ile ile. Ikishakwaruzika na kuwa na ukungu, miali haipenyi tena, tafuta nyingine.

Tangi ni la kuhifadhi, na hukaa pale mchana baada ya mchana kwa miaka. Halina haja ya kuliona jua hata dakika moja.

Mama wa Mariakani, ukishafuta kile kitambaa na kutazama, nitumie ujumbe uniambie umeona nini begani mwa tangi. Juma lijalo, saa kama hii, tutarudi kwenye ile mada niliyoihamisha leo, ya chanjo za mtoto wa miezi tisa. Leta kijitabu cha kliniki karibu na redio.